Ramani mbili juu ya ngitili moja

Katika mikoa ya Shinyanga na Geita kuna ramani mbili za ardhi ileile. Ya kwanza hutengenezwa na halmashauri za wilaya na vijiji. Pale ambapo kazi imefanyika, unaikuta imebandikwa ukutani katika ofisi ya kijiji, ikionyesha makazi, mashamba, njia ya mifugo, lambo, msitu na ngitili. Ya pili imo katika mfumo wa leseni wa Tume ya Madini. Hiyo haina lambo wala ngitili. Ina vipande vyenye namba, na kila kipande kina mwenye leseni, tarehe ya kuanza na tarehe ya kumalizika.

Ni nadra ramani hizi mbili kuwekwa juu ya meza moja kabla uamuzi haujatolewa. Mwanakijiji wa Kahama au Bukombe huifahamu ramani ya pili siku anapowaona wageni wakipita na vifaa vya kupimia katikati ya malisho yake. Kwa upande wake, mwenye leseni huifahamu ramani ya kwanza siku anapokuta wananchi wamekusanyika na kumzuia njia. Kutoka hapo shauri hilo huwa la mkuu wa wilaya na polisi, wakati lilipaswa kuwa la ofisa mipango.

Hilo ndilo tatizo kubwa la matumizi ya ardhi ya umma katika ukanda huu, na ofisi za mikoa hiyo miwili zinaweza kulipunguza kwa kiasi kikubwa bila kusubiri sheria mpya kutoka Dodoma.

Kwa msomaji asiye wa Kanda ya Ziwa, ngitili huenda ni neno geni. Kwa Wasukuma, ni eneo la malisho linalofungwa mvua zinapoanza. Nyasi na miti huachwa vikue, kisha eneo hufunguliwa wakati wa kiangazi, malisho mengine yanapokuwa yamekwisha. Wa kwanza kuingizwa ni wale wasioweza kutembea mbali: ndama, ng'ombe wa maziwa, na maksai ambao lazima wawe na nguvu ya kuvuta jembe mvua za kwanza zikinyesha. Mkulima ambaye maksai wake wamekonda Oktoba huchelewa kulima Novemba, na anayechelewa kulima pamba au mahindi katika mkoa wenye mvua chache hujua mapema kwamba mwaka huo hana cha kuuza.

Kwa hiyo ngitili si pori lililosahaulika. Ni pembejeo ya kilimo, kama ilivyo mbegu au mbolea, isipokuwa haiuzwi dukani.

Utaratibu huo ulitokana na ujuzi wa muda mrefu. Wasukuma waliigawa ardhi kwa udongo wake: luseni ya kichanga ya juu kwenye miinuko, ibushi, itogolo yenye tabaka gumu chini, na mbuga nyeusi ya mabondeni. Kila udongo ulikuwa na kazi yake na majira yake. Mtaalamu anayefika leo na kompyuta yake kuandaa mpango wa matumizi bora ya ardhi mara nyingi huishia kuchora mipaka ileile ambayo wazee wangemwonyesha kwa kidole.

Mfumo huo ulivurugwa kwa awamu. Kuanzia miaka ya 1920 hadi ya 1940 serikali ya kikoloni ilifyeka misitu mikubwa ili kuangamiza mbung'o. Kilimo cha pamba kikapanuka, mifugo ikaongezeka. Kisha Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970 ikawahamisha watu kwenye vijiji vipya, na ngitili zao zikabaki mbali, bila mwenyewe wa kuzilinda. Rais Julius Nyerere alipoitembelea Shinyanga mwaka 1984 aliiita jangwa la Tanzania. Mwaka 1986 Serikali ikaanzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, kwa msaada wa Norwei.

Inafaa kukumbuka jinsi mradi huo ulivyofanikiwa, kwa sababu haukuanza vizuri. Mwanzoni nguvu ilielekezwa kwenye vitalu vya miche, kama ilivyokuwa mtindo wa miradi ya wakati huo. Mambo yalibadilika pale maofisa walipoacha kuwaletea watu miti na kuanza kuwauliza walikuwa wakifanya nini zamani. Jibu lilikuwa ngitili. Kutoka hapo kazi ya mradi ikawa kutoa elimu, kusaidia vijiji kutunga sheria ndogo na kuacha ardhi ipumzike. Ulinzi ulifanywa na wananchi wenyewe kupitia serikali za vijiji, sungusungu na dagashida, baraza la kimila ambalo faini yake mtu hawezi kuikwepa kwa kukata rufaa wilayani.

Takwimu zinajieleza. Mwaka 1986 ngitili zilizojulikana zilikuwa na ukubwa wa hekta 600 hivi. Mwishoni mwa miaka ya 1990 uchunguzi katika vijiji 172 ulikuta ngitili 18,607 zenye jumla ya hekta 78,122. Kati ya hizo, 284 zilikuwa za jumuiya na nyingine zote za kaya. Viongozi wa mradi walikadiria kwamba katika vijiji 833 vya mkoa huo eneo lilikuwa limezidi hekta 350,000. Mwaka 2002 HASHI ilipata Tuzo ya Ikweta ya Shirika la Maendeleo la Umoja wa Mataifa.

Kwa ukurasa wa biashara, takwimu ya maana zaidi ni nyingine. Tathmini iliyofanywa mwaka 2004 na Wizara ya Maliasili na Utalii pamoja na Shirika la Kimataifa la Uhifadhi, IUCN, ilikadiria kwamba mazao ya ngitili, yaani malisho, kuni, nguzo, asali, dawa, uyoga na mengineyo, yalikuwa na thamani ya wastani wa dola 14 kwa mtu kwa mwezi. Kwa bei ya dola ya wakati huo, hizo ni Sh15,000 na ushei. Matumizi ya mtu mmoja wa vijijini, kwa wastani wa nchi nzima, yalikuwa dola 8.50 kwa mwezi. Tathmini hiyohiyo haikuficha hasara: wanyama waliorudi pamoja na miti waliiharibia kila familia mali ya dola 63 hivi kwa mwaka. Hata ukiitoa hiyo, faida inabaki kubwa.

Hakuna daftari la mkoa linaloonyesha mapato hayo. Ngitili hailipi ushuru, haina risiti, na kuni zake haziingii kwenye takwimu za pato la taifa kama inavyoingia dhahabu. Mali isiyo na risiti hupotea kirahisi, kwa sababu anayeichukua haombwi kueleza ameondoa nini.

Dhahabu ina risiti. Geita kulikuwa na mgodi mkubwa tangu zama za ukoloni, uliofungwa mwaka 1966. Baada ya Sheria ya Madini ya 1998 mitaji mikubwa ilimiminika. Leseni maalumu ya mgodi wa Geita ilitolewa mwaka 1999 ikiwa na eneo la takriban kilomita za mraba 196, na mgodi ukafunguliwa mwaka 2000. Bulyanhulu, wilayani Kahama, ulianza mwaka 2001, baada ya maelfu ya wachimbaji wadogo kuondolewa katika eneo hilo Agosti 1996. Buzwagi, karibu kabisa na mji wa Kahama, ulianza mwaka 2009.

Kilomita za mraba 196 ni hekta 19,600. Ukichukua wastani wa uchunguzi wa vijiji 172, kila kijiji kilikuwa na hekta 454 za ngitili. Kwa hiyo leseni moja ina ukubwa sawa na ngitili za vijiji 43. Hii haina maana kwamba vijiji 43 vilipoteza malisho. Sehemu ya eneo hilo ni vilima na Msitu wa Hifadhi wa Geita, na mashimo yenyewe, mitambo na mabwawa ya taka huchukua sehemu ndogo tu ya leseni. Lakini hapo ndipo linapoanzia tatizo ambalo mipango ya mkoa haijalitatua: ardhi iliyo ndani ya mpaka wa leseni lakini nje ya uzio wa mgodi.

Wakazi wa maeneo kama Nyamalembo, Katoma na Nyakabale wamelalamika kwa miaka mingi kuhusu kile kinachojulikana Geita kama mgogoro wa vigingi. Wanaishi ndani ya vigingi vya leseni. Hawajaondolewa na kulipwa, na wakati huohuo hawana uhakika kama wanaruhusiwa kujenga nyumba ya kudumu au kupanda miembe. Mtu aliye katika hali hiyo hufanya jambo la busara kabisa kwa upande wake: hupanda kitu kinachovunwa ndani ya miezi mitatu, hafungi ngitili, hachimbi lambo, na akipata fedha anakwenda kununua kiwanja kwingine. Benki nayo haimkopeshi. Ardhi ya namna hiyo haimfaidishi mkulima na haimfaidishi mchimbaji.

Kuna hali iliyo mbaya zaidi ya hiyo. Mwaka 2007 wakazi wa Mtakuja, Geita, waliondolewa katika makazi yao na baadhi yao wakaishi kwenye mahema mjini Geita kwa miaka kadhaa. Unaweza kubishana kuhusu uhalali wa kuondolewa kwao, na wengi wamebishana. Lakini swali la mpangaji ni rahisi kuliko la mwanasheria: siku familia zile zilipoondolewa, je, kulikuwa na kipande cha ardhi kilichokwisha kupimwa kwa ajili yao? Kwa mahema yale, jibu liko wazi.

Kwa nini basi mkoa haukuwa na kipande hicho? Hapa ni lazima kuwatendea haki wakuu wa mikoa. Ardhi yote nchini ni ya umma, Rais akiwa mdhamini kwa niaba ya wananchi. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inaipa halmashauri ya kijiji usimamizi wa ardhi ya kijiji na kuutaka mkutano mkuu uidhinishe matumizi yake. Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi ya 2007 imeweka mzigo mkubwa wa kupanga kwa Tume ya Taifa, halmashauri za wilaya na vijiji. Madini nayo yako chini ya sheria yake, kwa sasa ile ya 2010 na marekebisho yake ya 2017, na leseni zake hutolewa na Tume ya Madini. Sekretarieti ya mkoa, tangu sheria ya tawala za mikoa ya 1997, kazi yake ni kuzishauri na kuziwezesha halmashauri. Matokeo yake, mkuu wa mkoa huitwa kila mgogoro unapolipuka, lakini hakuitwa mpango ulipokuwa ukichorwa wala leseni ilipokuwa ikijazwa.

Sheria hizi mbili hazioni kitu kilekile ardhini. Sheria ya Madini inamtaka mwenye leseni apate ridhaa ya maandishi ya mwenye eneo kabla ya kufanya kazi karibu na nyumba, ndani ya mita 200, au karibu na shamba lililolimwa au kutayarishwa kwa mazao, ndani ya mita 50. Nyumba inaonekana. Shamba la mahindi linaonekana. Ngitili iliyofungwa, yenye nyasi ndefu na migunga, isiyo na jengo wala tuta, kwa macho ya mgeni ni pori tupu. Kadiri mwenyewe anavyoitunza vizuri, ndivyo inavyozidi kufanana na ardhi isiyo na mtu.

Fidia inafuata njia hiyohiyo. Mthamini huhesabu nyumba, mazao na miti, huongeza posho ya usumbufu na usafiri, na kila mstari wa fomu una jina la mtu. Ngitili ya jumuiya haina jina la mtu. Thamani yake haiko katika miti iliyosimama siku ya tathmini, iko katika malisho ya kila kiangazi kwa miaka yote inayokuja. Mchumi angeuliza: kaya hizi zitatumia kiasi gani kila mwaka kununua lishe, kuni na nguzo ambazo zilikuwa zikizipata bure? Jibu la swali hilo, likizidishwa kwa miaka, haliwezi kulingana na bei ya miti michache ya migunga.

Wachimbaji wadogo nao wana sehemu yao, na ni kubwa. Leseni ya uchimbaji mdogo wa dhahabu haizidi hekta 10 na hutolewa kwa Watanzania pekee, jambo ambalo ni zuri. Lakini ikitokea rashi, kama zilivyotokea mara nyingi Geita na Kahama, hekta 10 huwa mji ndani ya majuma machache. Maduara yanahitaji matimba ya kuzuia kuta zisiporomoke, na matimba ni miti minyoofu ambayo inapatikana wapi kama si kwenye ngitili na misitu ya jirani? Mama ntilie wanahitaji mkaa. Makarasha na mialo vinahitaji maji, na maji hayo yanatoka kwenye bonde lilelile linalonywesha ng'ombe. Dhahabu ikikatika, watu huhamia kwingine na kuacha mashimo wazi ambayo mifugo hutumbukia.

Wachimbaji wana utaratibu wao wa kugawana mifuko ya mawe: mwenye leseni ana fungu lake, mwenye duara lake, na mwenye shamba lake. Ni utaratibu unaoeleweka, na umewatoa wakulima wengi kwenye umaskini. Shida inakuja pale shamba linapokuwa ngitili ya kijiji. Mwenye shamba ni nani? Kwa sheria, ni wanakijiji wote. Lakini mkutano mkuu wa kijiji haushindi machimboni kuhesabu mifuko.

Kuna wanaosema kwamba hoja zote hizi ni za kuzuia maendeleo, kwamba dhahabu haichagui mahali pa kukaa na kwamba kijana wa Nyarugusu ana haki ya kuacha jembe. Wana hoja. Machimbo yamewapa soko wakulima wa mpunga wa Kahama, wauza mbuzi wa vijijini na wakulima wa mananasi wa Geita, soko ambalo pamba haijawahi kuwapa kwa bei ya uhakika. Tangu masoko ya madini yafunguliwe Geita na Kahama mwaka 2019, mchimbaji mdogo ana mahali halali pa kuuza na halmashauri ina mahali pa kukusanya ushuru. Hakuna mpango wa ardhi wenye akili utakaosema dhahabu ibaki chini ili nyasi zibaki juu. Kazi ya mpango ni kuhakikisha kwamba nyasi zikiondolewa, bei yake imejulikana, imelipwa na nani na kwa nani, na ng'ombe wamepata pa kwenda kabla ya kiangazi.

Ukanda huu wenyewe unajua pia gharama ya mipango mibovu. Mwaka 1947 serikali ya kikoloni ilianzisha Mpango wa Maendeleo wa Usukuma, makao yake yakiwa Malya. Kwenye karatasi ulikuwa mpango mzuri. Wataalamu walikokotoa idadi ya watu na mifugo ambayo kila maili ya mraba ingeweza kubeba, wakaona Shinyanga, Maswa na Kwimba zimejaa, wakaifanya Geita kuwa eneo la kupunguzia msongamano, ambako pori la mbung'o lingefyekwa na watu kuhamia na ng'ombe wao. Visima na malambo vilichimbwa, na watu kweli walihamia Geita. Lakini mpango uliambatana na amri: lima matuta namna hii, punguza mifugo, usihame bila kibali. Hasira ilijikusanya, na mwaka 1958, serikali ilipowalazimisha watu wa Geita kupokea baraza la wilaya lenye wajumbe wa mataifa mchanganyiko, maelfu waliandamana hadi Mwanza. Amri za kilimo na mifugo zilikufa pamoja na mambo mengine.

Kwa hiyo katika miaka 80 ukanda huu umeona mpango uliochorwa ofisini ukashindwa Geita, vijiji vilivyopangwa kwa haraka vikaua ngitili, na mradi uliowafuata wananchi ukazirudisha. Tangu mwaka 1998 umeona leseni zinazotolewa kwa kuangalia mwamba peke yake. Na wakati huo watu wameongezeka. Kwa sensa ya 2012 Mkoa wa Geita ulikuwa na watu milioni 1.74, na ile ya 2022 ikawakuta milioni 2.98. Shinyanga ilitoka milioni 1.53 hadi milioni 2.24 katika miaka hiyo kumi. Ngitili iliyofungwa wakati baba ana watoto wadogo, leo inadaiwa na watoto hao wote wakiwa na familia zao.

HASHI yenyewe ilimalizika mwaka 2004. Mwaka 2012 mkoa wa zamani wa Shinyanga ukagawanywa: Bukombe ikaenda mkoa mpya wa Geita, na Bariadi, Maswa na Meatu zikaenda Simiyu. Mgawanyo huo ulisogeza huduma karibu na wananchi, lakini uligawanya pia kumbukumbu. Ngitili zilizohesabiwa na ofisi moja zikawa za ofisi tatu, katika mikoa ambayo kila mmoja ulikuwa na kazi ya kujenga jengo lake la utawala na hospitali yake ya rufaa.

Mkoa unaweza kufanya nini basi, wakati hauna mamlaka ya kuchora mpango wala kutoa leseni? Una jambo ambalo halmashauri na Tume ya Madini hazina: uwezo wa kuwaita watu wote kwenye chumba kimoja. Kamati ya Ushauri ya Mkoa huongozwa na mkuu wa mkoa, na wakuu wa wilaya, wabunge na viongozi wa halmashauri hukaa humo. Ofisa madini mkazi yupo mkoani. Wakala wa Huduma za Misitu yupo. Maofisa ardhi na mifugo wapo. Kila mmoja wao ana ramani yake kabatini. Kuziunganisha ramani hizo kuwa moja, inayoonyesha leseni zote, mipango yote ya vijiji iliyoidhinishwa, misitu, njia za mifugo na ngitili kubwa, ni kazi ya wapimaji wachache na kompyuta. Haihitaji mfadhili.

Ramani hiyo ikiwepo, jambo la kwanza itakalobadilisha ni foleni. Kwa kawaida vijiji hupata mpango wa matumizi ya ardhi kufuatana na mahali mfadhili alipopenda au gari la wilaya linapofika kwa urahisi. Katika ukanda wa dhahabu, vijiji vinavyopaswa kutangulia ni vile ambavyo tayari viko chini ya leseni za utafutaji, kwa sababu leseni ya utafutaji ya leo inaweza kuwa mgodi baada ya miaka mitano au kumi. Huo ndio muda wa kijiji kupima mipaka yake, kupata cheti cha ardhi ya kijiji, kutoa hatimiliki za kimila na kuiandikisha ngitili kama malisho rasmi, jambo ambalo Sheria ya Nyanda za Malisho ya 2010 inaliruhusu. Kijiji kinachofika kwenye mazungumzo na cheti, ramani na muhtasari wa mkutano mkuu huzungumza tofauti na kijiji kinachofika na malalamiko.

Fedha zipo, ingawa haziitwi hivyo. Zamani mikataba iliweka kikomo cha dola 200,000 kwa mwaka kwa tozo za halmashauri, na wilaya zilikuwa na haki ya kusema mfuko ni mtupu. Leo ushuru wa huduma hutozwa kama asilimia ya mauzo, na tangu marekebisho ya 2017 kila mwenye leseni ya madini anatakiwa kuandaa mpango wa uwajibikaji kwa jamii na kukubaliana na halmashauri husika. Ni mabilioni ya shilingi kila mwaka. Sehemu kubwa imekwenda kwenye madarasa, zahanati na barabara, na hakuna atakayelaumu hilo. Hata hivyo, darasa lina faida ya ziada kwa diwani: linapigwa picha. Mpango wa matumizi ya ardhi haukatiwi utepe. Hapo ndipo mkuu wa mkoa anapaswa kusukuma, hata kwa kusema waziwazi kwamba sehemu fulani ya fedha hizo kila mwaka iende kupima vijiji vilivyo ndani ya leseni hadi viishe.

Kwa maeneo ambayo uchimbaji tayari umeamuliwa, ngitili mbadala itafutwe na kufungwa angalau misimu miwili ya mvua kabla ya ile ya zamani kuchukuliwa, kwa sababu nyasi hazioti kwa hundi. Thamani ya malisho, kuni na maji iwe na mstari wake kwenye tathmini, na malipo yake yaingie katika akaunti ya kijiji inayosomwa mkutanoni. Na kwa wale walio ndani ya vigingi bila uzio, wapewe jibu moja kati ya mawili, lenye tarehe: eneo litahitajika na watalipwa, au halitahitajika na litatolewa ndani ya leseni.

Kuna mahali ambapo fikra ya namna hii imeanza kuonekana, ingawa ni mwishoni mwa safari. Uchimbaji wa Buzwagi ulikoma mwaka 2021, na Serikali pamoja na kampuni wakakubaliana eneo lile ligeuzwe kuwa ukanda maalumu wa uchumi, litumie umeme, barabara na majengo yaliyobaki badala ya kuachwa gofu. Kahama, iliyopandishwa kuwa manispaa mwaka huohuo, ina mpunga, ngozi na pamba za kuingiza viwandani humo. Kama inawezekana kukaa mezani na kupanga ardhi ya mgodi unapofungwa, inawezekana pia unapofunguliwa, na ni rahisi zaidi, maana wakati huo pande zote bado zina kitu cha kupeana.

Ofisa madini ana orodha ya leseni hai za mkoa. Ofisa ardhi ana orodha ya vijiji vyenye mipango iliyoidhinishwa na visivyo nayo. Kilichobaki Shinyanga, na vilevile Geita, ni katibu tawala wa mkoa kuwaandikia barua wote wawili, kuwataka walete orodha hizo siku moja, na kuiweka siku hiyo kabla ya kikao kijacho cha Kamati ya Ushauri ya Mkoa.